Soko Katika Kiwanja Chako

Lumbau,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu Kalsong,

Pokea salamu za nyumbani, za wanaojua kwamba ninakuandikia na za wasiojua, na hao wa pili ni wengi zaidi. Hujambo huko kwenye baridi? Lile goti ulilolilalamikia mwaka jana limepona, au bado linakusumbua unapopanda ngazi za kuchumia matufaha? Sisi huku ni wazima. Mama yuko salama ila kikohozi cha moshi, na ukimwambia apikie nje anauliza tangu lini mtoto akamfundisha mama kupika. Baba mdogo Kalmet naye ni mzima, na kwa kuwa akikasirika ndipo anapochangamka, mwezi huu afya yake ni ya ajabu. Nguruwe wako mwenye sikio moja bado yupo. Amenenepa mpaka anatembea kwa shida, maana mama amekataa asiguswe mpaka wewe urudi.

Najua unashangaa kuona barua wakati simu ipo. Lakini simu ya nyumba hii unaijua. Ukipiga tu, mama anaiweka mezani na kuifungulia sauti, na kabla hujamaliza kusalimu majirani wamejaa mlangoni wakitaka kujua kama huko kuna theluji. Neno la faragha halina pa kupita. Sababu ya pili utaiona mbele. Barua hii anakuletea shemeji Obed, mume wa binamu yetu, anayekuja Nyuzilandi kwa mara ya kwanza. Ameshanunua koti zito, na analivaa humu mjini na jua hili, jasho linamtiririka kama mbeba magunia. Tumemwambia atafika huko ameyeyuka. Anajibu kwamba tuna wivu.

Sasa habari zenyewe. Unakumbuka baraza la mji liliniajiri katika ofisi ya mipango, ofisi ambayo kwa kweli ni mimi, meza mbili na feni isiyozunguka. Mji wetu umekua, kaka. Ukishuka leo kwenye ndege utapotea. Tangu kimbunga kile, watu wa visiwa vya nje waliopoteza bustani wamehamia hapa, na kule tulikokuwa tunawinda kaa kuna nyumba za mabati mpaka juu kilimani. Meli za watalii nazo zimeanza kutia nanga, wanashuka wazee wekundu wenye kofia, wanapiga picha mbwa wetu na kurudi melini kula chakula cha mchana. Baraza likaona haifai mji kukua ovyo, utengenezwe mpango wa miaka kumi: barabara ipite wapi, maji yatoke wapi, na zaidi ya yote, soko lijengwe wapi.

Soko la zamani hulijui lilivyo sasa. Kimbunga kilichukua paa, na bahari imekula ukuta wa mbele. Akina mama wanauza chini ya maturubai. Mvua ikinyesha kabichi zinaogelea. Wale wanaokuja kwa boti na viazi vikuu vyao na mafungu ya magimbi, ambao zamani walilala chini ya meza zao na watoto wao mpaka mzigo uishe, sasa hawana pa kulala. Wengine wanalala kwenye kibaraza cha hospitali mpaka mlinzi awafukuze. Wengine wanalala jikoni kwetu. Usiku ukitaka maji ya kunywa unaruka miguu ya watu, na asubuhi mama anawachemshia chai kana kwamba wote amewazaa yeye.

Kutoka makao makuu tuliletewa mtaalamu wa mipango, Bwana Bong, mtu wa kisiwa cha Ambrym, mpole, mwenye tumbo la chai na biskuti. Nampenda, nisiseme uongo. Ni mtu anayesikiliza mpaka mwisho. Ila alikuja na mpango uliokwisha kuchorwa: ufukweni yawekwe maduka ya vinyago kwa ajili ya watalii, na soko la chakula lipelekwe nyuma ya uwanja wa ndege, lizungushiwe uzio na kufungwa kwa kufuli saa kumi na moja jioni. Akina mama waliposikia kufuli walinyamaza, na unajua akina mama wa Lumbau wakinyamaza si dalili njema. Mama Roslin, yule muuza karanga, akauliza kwa upole kama yeye na mjukuu wake watafungiwa ndani au nje.

Bwana Bong akasema basi watu waamue wenyewe. Akatandika ramani ya mji katika ukumbi wa kanisa, kubwa kama mkeka wa arusi, na kila mtu akapewa stika moja nyekundu ya kubandika pale anapotaka soko liwe. Alieleza kwamba hakuna jibu sahihi, kila mtu afuate moyo wake. Nilikuwa nimeshika sahani ya stika, na nilitaka kumnong'oneza kitu, lakini nikachelewa. Alikuwa ameshamwomba mjomba Masoe aanze, kwa kuwa ndiye chifu.

Hapo ndipo tulipoharibu, au tulipotengeneza, bado sijui. Mjomba macho yake yameingia mtoto wa jicho, siku hizi anatambua watu kwa sauti. Mama akamshika mkono asijikwae, kama dada anavyomshika kaka yake, wakainama pamoja juu ya ramani, mjomba akabandika. Kisha akaja mzee wa kanisa. Akaitazama stika ya chifu, akabandika ya kwake pembeni yake. Akaja mwalimu mkuu, vivyo hivyo. Wakaja akina mama, vijana, mpaka yule mlevi anayelala bandarini. Nani kwetu atabandika mbali na chifu mbele ya macho ya chifu? Hata kama chifu mwenyewe haoni! Mwisho wa mkutano ramani nzima ilikuwa nyeupe, na mahali pamoja palikuwa na kichuguu chekundu cha stika juu ya stika. Bwana Bong alifuta jasho na kusema miaka yote ya kazi yake hajaona mji wenye umoja namna hii. Mama Roslin akamjibu kwamba penye wengi hapaharibiki neno, na ukumbi mzima ukacheka, naye akacheka bila kujua anachekea nini.

Kichuguu kile, kaka, kilikuwa juu ya kiwanja cha baba. Kile kile, kati ya hospitali na gati ya boti, penye bomba la maji na mti mkubwa wa nakatambol. Pale uliposimika nguzo nne za duka lako.

Bwana Bong si mjinga. Jioni alinijia ofisini akaniuliza kwa sauti ya chini kama huenda watu wamemfuata chifu. Nikamwambia huenda. Wiki iliyofuata akarudia zoezi kwa ramani mpya, na safari hii chifu abandike wa mwisho. Watu wakaja mmoja mmoja, wakatafuta pale pale kwa kidole, wakabandika pale pale. Maana sasa walikuwa wameshapafikiria. Waliongea humo ukumbini mpaka ikawa raha kuwasikiliza. Mmoja alisema hapo mtoto akishikwa na homa hospitali ipo ukutani. Mwingine akasema boti inashusha mzigo mlangoni, hakuna kulipia gari. Mwingine akasema mti ule unatosha kuwa paa mpaka paa lije. Wakataka chumba cha kulala chenye mlango wa kufunga kwa ndani, wakisisitiza kwa ndani, na Bwana Bong akaandika yote. Nilimwona amefurahi kwa kweli, kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitazamia. Aliposhika kalamu nyekundu kulifuta lile soko la nyuma ya uwanja wa ndege, akina mama walimpigia makofi.

Lakini ardhi ni ardhi, na yetu haiuzwi. Baba mdogo Kalmet alikuwa amekaa nyuma kabisa, amekunja mikono. Akasimama akasema kwamba mnagawana shamba la mtu aliye hai. Kiwanja kile ni cha Kalsong, mwana wa kaka yake, aliyekwenda kutafuta, na yeye alimshika kaka yake mkono siku ya kufa akamwahidi kukilinda. Mjomba Masoe akamjibu kwamba hakuna anayekichukua, kinaazimwa. Baba mdogo akauliza kinaazimwa kwa nani, na kitarudishwa kwa nani, mbona mwenye kiwanja hana hata mke? Akatoka. Asubuhi wapima ardhi walipofika na vigingi vyao walikuta jani la namele limechomekwa katikati ya nguzo zako, mwiko wa mtu yeyote kupita. Vigingi wakaviweka chini, wakageuza gari. Hata mbuzi wa Mama Roslin, anasema mwenyewe, siku hizi wanapita kwa mbali.

Basi ndipo tulipo. Namele ile haing'oki ila baba mdogo aing'oe, naye haing'oi ila kwa ajili yako. Wafadhili waliotoa fedha za soko wametupa mpaka sherehe za Uhuru. Tusipokuwa na kiwanja siku hiyo, fedha zinakwenda mji mwingine, na akina mama watabaki na maturubai yao, au wataishia nyuma ya uwanja wa ndege na kufuli lao. Nimekwenda kwa baba mdogo mara nyingi, ananikaribisha, ananipa ndizi, ananiuliza habari za kazi, na nikitaja kiwanja anazungumzia mvua. Nilimkasirikia, kaka. Mwanzoni nilimwona mzee mkaidi. Baadaye nikamwona anafagia majani chini ya mti wetu bila kuvuka namele yake mwenyewe, na hasira ikaniisha.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya nishike kalamu.

Yale madirisha uliyotuma mwaka wa kwanza, yale ya vioo vya kufungua na kufunga kama magamba ya samaki, yapo chumbani kwa mama. Ameyafunga kwa mikeka, na kila Jumamosi anayafungua anayapangusa. Ulituma madirisha, ukasema mwaka unaofuata mabati. Mwaka uliofuata ulirudi ukasimika nguzo. Baada ya hapo wenzako wanakwenda na kurudi kila msimu, wewe hujarudi, mwaka wa nne sasa. Unasema mkataba umeongezwa. Vijana wa timu yako ya wachuma matufaha ukiwauliza habari zako wanasema yuko vizuri sana, halafu wanatazama miguu yao. Mimi niliwaamini, au nilitaka kuwaamini.

Alhamisi tulikuwa tunapara viazi vikuu vya laplap, ile ya kuokwa kwa majani tunayouza sokoni, mama na mimi peke yetu. Nikamlalamikia kuhusu zile stika, nikasema kama mjomba angeona vizuri yasingetokea haya, angebandika popote pengine na tusingegombana na baba mdogo. Mama hakuinua kichwa. Akasema mjomba wako hakukosea. Mkono ulikuwa wake lakini aliyeupeleka ni mimi. Nikaacha kupara. Nikamuuliza kwa nini, mama, wakati ni kiwanja cha mwanao? Akasema, "Ndiyo maana. Nimechoka kupita pale nikiona nguzo nne zinamngoja mtu ambaye amekwisha kujenga kwingine."

Halafu akanieleza. Krismasi iliyopita ulipopiga simu ya picha, sisi tulikuwa tunakupigia kelele wewe na kofia yako. Yeye alikuwa anatazama nyuma yako. Mlangoni kulikuwa na gambuti ndogo, nyekundu, jozi moja, zina tope bichi. Nilipouliza hapo ni kwa nani ukasema ni kwa rafiki. Mama anasema macho hayana pazia, na mtu aliyelea watoto watano anajua viatu vya mgeni na viatu vya mwenye nyumba. Viatu vya mgeni huwekwa sawasawa. Vile vilikuwa vimetupwa, kimoja huku, kimoja kule, kama vyako ulipokuwa mdogo. Akakaa na jambo hilo tangu Krismasi, kaka. Alipangusa madirisha kila Jumamosi akiwa analijua.

Niliogopa kwamba atalia. Hakulia. Alisema tu kwamba inamuuma wewe kudhani angekasirika. Alisema tangu baba afe ulijitwisha nyumba nzima, na mtu aliyebeba mzigo muda mrefu hata akiutua huona aibu, kana kwamba ameiba. Akasema hukuiba. Nami ndiye niliyelia, viazi vikaingia chumvi ambayo haikupangwa, na mama akaniambia nisogeze machozi yangu mbali na chakula cha watu.

Kaka, najua nimevunja mwiko. Kwetu dada haulizi kaka yake habari za mwanamke, hata kwa mafumbo, na kama ungekuwa mbele yangu nisingethubutu, ningetazama kando nikaondoka. Ndiyo sababu ya pili ya barua, niliyokuahidi. Karatasi haina uso. Simuulizii yeye, na simtaji. Namsalimu tu, basi, na ukitaka mfikishie.

Ninalotaka kukuomba ni jingine. Jana nilikwenda tena kwa baba mdogo, alikuwa ametoka kunywa kava, na mzizi ule ukishamwingia hutulia. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza la kuuliza tu, ingekuwaje kama Kalsong angekuwa na mtoto. Akasema, "Ningeing'oa namele asubuhi, na nguruwe wa kuuondoa mwiko ningemtoa mimi mwenyewe. Ardhi yenye mtoto unaweza kuwaazima watu, kesho yupo wa kuidai. Isiyo na mtoto ukiiazima umeizika." Nikauliza, hata kama mtoto huyo ni wa mama wa nchi nyingine? Akanikoromea kwamba mtoto hana nchi nyingine zaidi ya kwa babu yake, na niache kumsumbua mtu aliyekunywa kava. Lakini nilipofika njiani aliniita. Akauliza kwa nini nimeuliza. Nikamwambia naandika barua. Akaitikia kwa kichwa, na nadhani hakulala vizuri.

Kwa hiyo hatukuombi fedha, wala hatukuombi urudi. Mama amesema nikuandikie hivi hivi: hatukuombi urudi. Tunaomba jina. Litume kwa maandishi yako, jina la mtoto, na la mama yake ukipenda, tulisome mbele ya chifu kanisani, baba mdogo aing'oe namele, na soko lijengwe katika kiwanja cha mtoto huyo, yeye akiwa ndiye mwenye kuazimisha. Akiwa mkubwa, akija siku moja na mkoba wake, atakuta wanawake wa visiwa vyote wanajua yeye ni nani. Na madirisha yako mama anayaomba kwa chumba cha kulala cha akina mama. Anasema yametazama mikeka vya kutosha, sasa yatazame bahari. Meza yake ameshaichagua, ni pale ulipotaka mlango wa duka lako uwe, panapotazamana na barabara ya uwanja wa ndege. Nilimuuliza kwa nini hapo, na upepo wa pale ni mkali. Akasema yeye hauzi upepo.

Nguruwe mwenye sikio moja yeye ndiye asiyebahatika. Alikuwa wa kuchinjwa siku ya kurudi kwako, sasa mama anasema ni wa siku ya jina.

Salamu kutoka kwa mjomba Masoe, anayesema haoni lakini mkono wa dada yake anaujua, na alijua alikuwa anapelekwa wapi. Salamu kutoka kwa Mama Roslin na mbuzi wake, na kutoka kwa Bwana Bong, ambaye hakujui lakini anauliza kila siku kama mwenye kiwanja amejibu. Mpe Obed chai ya moto, na usimcheke koti lake, tumeshamcheka sisi vya kutosha.

Pamoja na barua hii Obed amebeba kifurushi. Anadhani ni zawadi ya bosi wa shamba, tumemwacha adhani hivyo. Ni mkeka mdogo wa kulalia. Mama ameusuka tangu Januari, akikisia urefu kwa zile gambuti, na gambuti hazisemi kama mvaaji ni wa kike au wa kiume, kwa hiyo ametia rangi zote. Ukiona ni mfupi usimlaumu. Andika tu mtoto amefikia wapi, mama asuke mwingine.

Ni mimi dada yako,
Leimas